Mwendo wa jogoo

Ploti tuliyokulia mjini Thika ilikuwa na vyumba kumi na viwili na bomba moja la maji, na jioni tulimsikia mzee wa chumba cha mwisho kabla hatujamwona. Miguu yake ilikuwa na mlio wake. Ncha ya kiatu ilitangulia kupiga simiti, kisigino kikafuata: pa-ta, pa-ta, pa-ta. Aliinua magoti juu kama mtu anayevuka Mto Chania kwa kurukia mawe, maana asipoyainua vidole vya miguu vingeburuta na kumwangusha. Sisi watoto, kwa utovu wa adabu, tulimwita Jogoo. Alikuwa akicheka. Kesho yake alidamka, akaenda zamu katika kiwanda cha nguo kwa mwendo ule ule.

Baba yake, tuliambiwa, alitembea hivyo hivyo huko mashambani. Dada yake mmoja pia. Watu wazima walikuwa na maelezo yaliyosemwa kwa sauti ya chini, aghalabu foleni ya maji ikiwa ndefu: ni kirumi, laana ya mzazi. Babu mmoja wa zamani alikata roho akiwa na kinyongo na wanawe kwa ajili ya shamba, akatamka maneno. Mwalimu wa sayansi aliyeishi jirani alikuwa na neno lake: polio. Maelezo ya mwalimu yalisikika ya kisomi zaidi, lakini nikiyapima leo naona waliosema laana ndio waliokaribia ukweli. Polio hairithiwi. Laana, angalau, ilikuwa imeona kwamba jambo hili linafuata damu.

Liko kundi la magonjwa ya mishipa ya fahamu yanayopita kutoka mzazi hadi mtoto, na lile linalopatikana zaidi linabeba majina ya madaktari watatu. Jean-Martin Charcot na mwanafunzi wake Pierre Marie waliueleza ugonjwa huo Paris mwaka 1886. Mwaka huo huo Howard Henry Tooth aliueleza Uingereza. Wafaransa walidhani kasoro iko katika uti wa mgongo. Tooth akasema iko katika neva zenyewe zinazokwenda miguuni na mikononi. Tooth ndiye aliyekuwa sahihi, na jina lake ndilo lililowekwa mwisho.

Ugonjwa wa Charcot-Marie-Tooth hauna haraka. Neva ndefu ndizo zinazoumia kwanza, na neva ndefu kuliko zote ni zile zinazofika nyayoni. Mtoto anaanza kujikwaa. Misuli ya mbele ya muundi inakonda, upinde wa wayo unainuka, vidole vinajikunja kama makucha. Miaka ikipita zamu inafika mikononi: kufunga vifungo, kugeuza ufunguo, kumenya njegere. Mzee wa ploti yetu alikuwa akituita tumfungie vifungo vya shati la Jumapili, nasi tukidhani ni mapenzi ya watoto tu. Akili haiguswi, na mara nyingi umri wa kuishi haupungui. Ni ugonjwa unaokupa muda mrefu wa kuutazama.

Aliyeutazama kwa makini kuliko wengi alikuwa mwanamke aliyezaliwa Birmingham mwaka 1952, Anita Harding. Alisomea udaktari katika hospitali ya Royal Free jijini London, kisha akaingia Queen Square, mtaa ambao kwa madaktari wa neva ni kama Maka. Huko alifanya kazi na P. K. Thomas, bingwa wa neva kutoka Wales, ambaye baadaye wakaoana. Zama hizo magonjwa ya neva ya kurithi yalikuwa kama ghala lisilo na rafu. Kila daktari alikuwa na mgonjwa wake wa ajabu na jina alilompa, na magonjwa mawili tofauti yaliweza kulala chini ya jina moja, au mmoja ukatembea na majina matatu.

Harding hakuanza na mashine. Alianza na familia. Mgonjwa akija, yeye alitaka pia kumwona mama, kaka, binamu, shangazi; na hakutaka wale wanaoumwa tu, bali hata wale walioapa kwamba hawana tatizo lolote. Aliwavua soksi. Aligonga magoti na vifundo kwa nyundo ndogo ya mpira, akaweka kichuma kinachotetema juu ya kidole gumba cha mguu na kuuliza, bado unasikia? Wengi wa wale "wazima" hawakuwa wazima. Walikuwa na nyayo zilizopinda, vifundo visivyoruka vikigongwa, na maisha marefu ya kujieleza: mimi huanguka ovyo, mimi sikuwahi kupenda mpira, sisi kwetu miguu yetu ndiyo ilivyo.

Mwaka 1980 yeye na Thomas walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa udaktari bado wanausoma. Waliwagawa wagonjwa kwa kasi ya neva. Neva ni kama waya wa stima: ndani kuna uzi unaopitisha habari, nje kuna ganda la mafuta liitwalo mayelini. Ganda likiharibika, habari inapita polepole. Ukiharibika uzi wenyewe, kasi inabaki karibu na kawaida lakini kinachofika ni kidogo. Basi unapiga neva mshtuko mdogo wa umeme kwenye kiwiko, kisha kifundo cha mkono, unasoma misuli ya kiganja imechelewa kwa kiasi gani kila mara, na tofauti ya nyakati hizo mbili inakupa kasi. Mpaka waliouchora ni mita 38 kwa sekunde. Chini ya hapo, ni aina ya kwanza, ganda. Juu ya hapo, aina ya pili, uzi.

Sisi wa Thika tunaielewa kasi kuliko watu wengi, kwa hiyo niruhusu nihesabu. Neva nzima ya mkono hupita mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Hakuna gari linalothubutu kasi hiyo kwenye barabara kuu ya Thika hata saa nane za usiku. Mpaka wa Harding ni karibu kilomita 137. Wengi wa aina ya kwanza wana mita 20 tu, kilomita 72, ambayo ni chini ya kikomo cha 80 ambacho matatu hutakiwa kukiheshimu na hazikiheshimu. Mzee wetu, basi, alikuwa akitembea na amri zinazosafiri kwa mwendo wa matatu yenye dereva mtiifu.

Kazi ya Harding iliendelea kwa namna ile ile ya kukaa na koo. Mwaka 1981 alichapisha uchunguzi wa familia 90 zenye ugonjwa wa Friedreich, ambao huvuruga mizani ya mwili na neva. Mwaka 1984 akatoa kitabu kizima kuhusu magonjwa ya kurithi ya namna hiyo. Mwaka 1988, pamoja na Ian Holt na John Morgan-Hughes, alionyesha kwamba baadhi ya magonjwa ya misuli yanatokana na vipande vilivyopotea katika DNA ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina hiyo duniani. Alikuwa ameteuliwa kuongoza idara ya neva pale Queen Square saratani ya utumbo ilipogunduliwa. Husimuliwa kwamba alipopewa habari alisema, kwa mzaha, kuwa angalau hatalazimika kununua Windows 95. Alifariki Septemba 1995, akiwa na miaka 42, siku chache kabla ya kutimiza 43.

Alichoacha ni rafu. Walioanza kutafuta jeni walijua sasa ni familia zipi za kuwekwa pamoja, na hilo ndilo jambo ambalo watu husahau wanapozungumzia maabara. Ukichanganya damu ya familia mbili zenye magonjwa mawili tofauti, kompyuta haitakuambia chochote ila uongo. Mwaka 1991 makundi mawili, moja la Antwerp nchini Ubelgiji na jingine la Houston nchini Marekani, yalionyesha kwamba katika aina ya kwanza iliyo ya kawaida zaidi, kipande cha kromosomu ya 17 kimenakiliwa mara ya ziada. Hakuna kilichopungua. Kimezidi. Ndani ya kipande hicho kuna jeni ya protini moja ya mayelini, na mwenye nakala tatu badala ya mbili hutengeneza nyingi kupita kiasi, ganda likaharibika kwa wingi wa mali, kama ugali uliozidishwa unga.

Kundi la Houston liliongozwa na James Lupski, na hapa kisa kinakuwa cha ajabu. Lupski mwenyewe anaugua Charcot-Marie-Tooth tangu ujana wake. Alipoipata ile nakala ya ziada, akajipima. Hakuwa nayo. Alikuwa amegundua chanzo cha ugonjwa wa watu wengine. Ilimchukua hadi mwaka 2010, ndipo yeye na wenzake waliposoma jenomu yake yote na kukuta makosa mawili katika jeni nyingine kabisa: moja kutoka kwa baba, jingine kutoka kwa mama, na hakuna mzazi aliyekuwa mgonjwa kama yeye na ndugu zake walioathirika.

Tofauti hiyo kati ya njia mbili za kurithi ina maana kubwa kwetu. Katika njia ya kwanza mzazi mmoja mgonjwa anatosha, na kila mtoto ni shilingi inayorushwa: upande huu amepata, upande ule amepona. Katika njia ya pili lazima wazazi wote wawili wawe wamebeba kosa katika jeni ile ile bila kujua, jambo linalotokea zaidi pale jamaa wanapooana. Pwani yetu, Oman, Usomali, ndoa za binamu zina heshima yake. Huku Kiambu, kuoana ndani ya mbari moja ni mwiko wa tangu mababu. Kwa hiyo daktari anayekaa Lamu na daktari anayekaa Gatundu wanapaswa kuuliza maswali tofauti wakati mtoto mwenye miguu iliyopinda anapoingia mlangoni.

Na huku kuna jambo jingine ambalo, nikiwa mwandishi wa daktari yeyote wa neva, ningemwandikia kwa wino mwekundu. Agĩkũyũ huwapa watoto majina kwa utaratibu: mwana wa kwanza wa kiume ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama, binti wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba, wa pili wa nyanya mzaa mama, kisha wajomba, ami na shangazi kwa zamu. Mpe bibi wa hapa majina ya watoto wa nyumba moja, atakujengea vizazi vitatu kabla chai haijapoa. Harding angelia kwa furaha. Jina hurithiwa kwa zamu. Jeni hurithiwa kwa bahati nasibu. Mtoto anaweza kubeba jina la babu yake bila mguu wake, na mdogo wake akaubeba mguu bila jina, na hapo ndipo nadharia ya laana huanza kuyumba, maana laana gani hurusha shilingi?

Ajabu ni kwamba kilomita chache tu kuelekea Nairobi, Ruiru, kazi hii ya kufuatilia ukoo imefanywa kwa miongo, ila kwa mibuni. Ugonjwa wa matunda ya kahawa ulielezwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1922, na mlipuko wa 1968 uliwatia wakulima hasara kubwa. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru wakaanza kuzalisha aina itakayostahimili. Waliinama juu ya maua, wakachavusha kwa mkono, wakaandika: mama nani, baba nani, babu katoka Sudan au Timor, mjukuu kaugua au hakuugua. Katikati ya miaka ya 1980 wakatoa Ruiru 11, ambayo kila mkulima wa hapa anaijua. Mbuni wangu mmoja nyuma ya nyumba una nasaba iliyoandikwa vizuri kuliko ya mzee wa ploti.

Si kwamba Afrika imelala. Bamako, nchini Mali, yuko daktari wa neva aitwaye Guida Landouré. Alisomea udaktari nyumbani, akaenda Marekani katika maabara ya Kenneth Fischbeck kwenye Taasisi za Taifa za Afya, na mwaka 2010 jina lake likatangulia katika utafiti ulioonyesha kwamba aina moja ya Charcot-Marie-Tooth, ile inayoweza kulegeza hata nyuzi za sauti, inatokana na kasoro katika jeni iitwayo TRPV4. Wengi wakifika hapo hawarudi. Yeye alirudi. Amewapima Wamali familia kwa familia, na kwa kuwa ndoa za jamaa ni nyingi huko, amekutana na aina za njia ya pili ambazo vitabu vya Ulaya huzitaja kwa nadra. Funzo la Bamako, kwangu, ni la nauli zaidi kuliko la mashine. Damu inaweza kusafirishwa ikasomwe mbali. Kugonga vifundo vya shangazi aliye kijijini hakusafirishwi.

Sisi tunahitaji mikono hiyo kwa sababu ambazo London haina. Daktari wa Thika akipapasa neva ya kiwiko akaikuta nene, atafikiria ukoma kwanza, na hana kosa kwa kufikiria hivyo. Lakini Charcot-Marie-Tooth ya aina ya kwanza nayo hunenepesha neva. Ganzi ya nyayo? Kisukari. Dawa za kifua kikuu. Stavudine, ile dawa ya zamani ya HIV iliyowachoma watu miguu kabla ya kuondolewa. Katikati ya msongamano huo, ugonjwa wa kurithi hujificha kama mtu mwenye shati jeupe kanisani. Mwaka 1974 utafiti wa magharibi mwa Norway ulikadiria mgonjwa mmoja kwa kila watu 2,500. Kaunti ya Kiambu ilikuwa na watu wapatao milioni 2.4 katika sensa ya 2019. Tukikopa hesabu ya Norway, kwa kukosa yetu, ni watu karibu 960. Wajaze ndani ya matatu za viti 14 uone foleni yake.

Kuwajua kuna faida hata kabla ya tiba, na tiba ya kuuondoa ugonjwa haijapatikana. Vitamini C kwa wingi ilijaribiwa Ulaya na Marekani, haikusaidia. Lakini mtoto mwenye ugonjwa huu akipata saratani ya damu, daktari lazima ajue, kwa kuwa dawa iitwayo vincristine inaweza kumlemaza miguu kwa wiki chache. Vishikizo vya plastiki vya kifundo humzuia mtu asianguke. Wayo uliopinda sana unaweza kunyooshwa kwa upasuaji, na Kijabe wamekuwa wakiwapasua watoto wenye ulemavu wa viungo tangu 1998. Na watu wa Thika hatuna kisingizio cha kusema hatukujua ulemavu ni nini. Shule ya Joytown ya Jeshi la Wokovu iko hapa hapa mjini, na nimekua nikipishana na viti vya magurudumu njiani.

Mzee alifariki mwaka juzi. Sitaji jina lake, wala familia haikutaka nilitaje. Katika mazishi nilipewa kile kijitabu cha ratiba, na kwa mara ya kwanza nikakisoma kama daktari wa Queen Square: mwana wa marehemu fulani na marehemu fulani, ndugu wa hawa, baba wa hawa, babu wa hawa. Magazeti yetu huchapisha orodha hizi kila siku kwenye kurasa za vifo. Hatujawahi kukosa michoro ya koo; tumekuwa tukiifungia maandazi.

Miezi kadhaa baadaye nilimtembelea mjane wake, nikiwa na kijitabu hicho na penseli. Nilimwambia, mimi si daktari, nataka tu kuchora, na mkitaka mtakwenda na mchoro huu kwa daktari wa neva. Mraba kwa mwanamume, mduara kwa mwanamke, mstari wa mshazari kwa aliyefariki, na kivuli kwa aliyeugua.

"Huyu, Shosho?"

"Huyo alitembea kama baba yake. Paka."

"Na huyu?"

"Huyo ni wa kwetu. Kwetu hakuna hayo."

Tulifika kwa shemeji yake wa tatu, aliyefariki kijana kwa ajali, mtu aliyekuwa akisifiwa kwa afya. Nikauacha mraba mweupe, nikavuta mstari wa mshazari. Akanyamaza akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka.

"Huyo alikuwa mzima," akasema. Kisha: "Ila ndara hakuweza kuvaa. Zilikuwa zikimtoka njiani, anaendelea kutembea, hajui. Tulikuwa tukimcheka. Watoto wanamkimbilia nyuma, ami, ndara yako."

Nilipaka nusu ya mraba, kwa wepesi, na kuweka alama ya kuuliza.

Mlango ulifunguliwa. Mjukuu alikuwa ametoka shule, matope ya njia nyekundu yakiwa hadi kwenye soksi. Akavua viatu pale kizingitini kama kawaida ya nyumba hiyo, akatusalimu, akaenda kutafuta kikombe. Viatu vilibaki vimetuelekea. Ngozi ya ncha ilikuwa imelika hadi nyuzi zikaonekana, na soli imeisha upande wa nje, upande mmoja tu, vyote viwili.

Shosho aliviangalia, akaiangalia penseli mkononi mwangu.

"Huyo mwache kwanza, baba," akasema. "Anywe chai."